Mlio Uliochelewa

Usiniulize tulifilisika lini.
Niulize niliacha lini kupanda Kibati.

Tulikuwa watatu, Birere, juu ya duka la misumari,
chumba kimoja, kompyuta mbili na nusu.
Ile nusu haikuwa na kioo;
Mumbere aliifunga kwenye televisheni ya dada yake,
na saa mbili usiku tuliirudisha, dada ana tamthilia.
Katungu alichora. Mumbere alihesabu.
Mimi kazi yangu masikio.

Siku nane nililala kifudifudi kando ya barabara,
kinasa sauti kifuani,
juu ya mawe meusi ambayo mlima ulitutapikia,
nikingoja chukudu ziteremke na viazi, na makala,
mguu mmoja ukibana kipande cha tairi
kwenye gurudumu la nyuma:
kriiii,
kama mlango unaomkataa mgeni.

Kisha nikakosea.
Mlio niliuweka ukachelewa,
nusu ya kufumba jicho baada ya kidole.
Sikuona. Pesa ya umeme ilikuwa imekwisha,
tukautoa mchezo vile vile,
mtoto ametumwa dukani hajaoga.

Na watu wakaupenda, jamani!
Walinzi wa usiku kule Katindo,
wanafunzi wa Bukavu ndani ya boti,
hadi Lubumbashi, wasikojua chukudu ni mnyama gani,
mama mmoja akatuandikia:
nimeangusha kabichi mia tatu leo, na ugali umeungua.
Walijifunza ule uchelewaji wetu.
Walikata kona kwa sikio:
bana, ngoja, sikia, geuka.

Ndipo tukahamia Himbi.
Vioo vinavyotazama ziwa. Watu kumi na tisa.
Jina letu mlangoni kwa herufi za shaba.
Kila Jumatatu mkutano,
na Ijumaa mkutano wa kuuandaa.
Mwenye fedha, ambaye hajawahi kusukuma hata toroli,
alitaka mteremko urefushwe, sarafu zidondoke mawinguni,
na kila anguko la tatu, tangazo la sabuni.
Katungu alichora volkeno, wakamrudishia mara sita:
iwe nyekundu zaidi.
Yeye, aliyekimbia na godoro kichwani
usiku ule mlima ulipofunguka,
anafundishwa rangi ya moto.
Aliacha penseli mezani. Hata koti hakuchukua.

Nami? Nilinunua sauti.
Elfu nne, safi, kifurushi kimoja,
breki za nchi zenye lami.
Ile nusu ya kufumba jicho, kijana mpya aliigundua,
akaiondoa, nikampigia makofi mbele ya wote.
Mchezo wa pili ukatoka umeoga, umepakwa mafuta,
na wachezaji wakatumbukia bondeni kona ya kwanza,
masikio yao bado yanangoja
kitu nilichokwisha kukizika.

Wanasema ni ushindani. Wanasema vita, giza, kodi.
Sibishi, kila kimoja kilitia mkono.
Lakini vita vilikuwapo Birere.
Mtoza kodi alijua ngazi zetu kwa idadi.
Na giza tulikaa nalo kama mwenzetu wa nne.

Herufi za shaba tuliziuza kwa kilo.

Jana, Majengo, kijana mmoja, Byamungu,
ameegemea chukudu yake, magunia mawili ya makala,
simu ina nyufa kama kiganja:
mchezo wetu. Ule wa kwanza.
Nikamwuliza kama anajua kuna wa pili.
"Wa pili wa nini?" Hakuinua macho.
Kidole kikabana.
Nikahesabu moyoni.
Kriiii.
Akageuka, kabichi zote salama,
akatia simu mfukoni, akaishika ile ya mbao,
akateremka.
Nilisimama nikitazama mguu wake ukikanyaga breki kule chini,
mbali,
na mlio, naapa,
ulinifikia umechelewa.